Mlumbi Asiye na Kwao

Simba wawili wa Tsavo walikula watu wangapi? Jibu linategemea unamuuliza nani, na lini. John Henry Patterson, mhandisi aliyekuja mwaka 1898 kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya Mto Tsavo na hatimaye akawaua, alitaja katika kitabu chake cha 1907 Wahindi 28, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyejisumbua kuwaandika. Katikati ya miaka ya 1920, baada ya kuziuza ngozi za wanyama hao kwa makumbusho ya Field kule Chicago, idadi ilikuwa imepanda hadi 135. Kisha mwaka 2009 watafiti wakapima kemikali zilizobaki katika mifupa na nywele za simba wale wale, wakakadiria watu wapatao 35. Simba walikuwa wamekufa zamani lakini hadithi iliendelea kula.

Halafu Hollywood ikaja. Mwaka 1996 ikatoa The Ghost and the Darkness, filamu iliyopigwa Afrika Kusini, yenye simba wa manyoya mazito shingoni ilhali wale wa Tsavo hawakuwa nayo, na yenye mwindaji shupavu wa Kimarekani ambaye hakuwahi kuwepo. Mgeni anayeshuka kituo cha reli ya SGR cha Voi leo bado anaulizia wale simba. Mkulima wa Sagalla iliyo jirani, ukimuuliza ni mnyama gani anayemnyima usingizi, atakujibu kabla hujamaliza swali: ndovu. Ndovu humaliza ekari ya mahindi usiku mmoja na kuvunja tangi la maji akiondoka, ndiyo maana tangu 2009 watafiti wa shirika la Save the Elephants wamekuwa wakishirikiana na wakulima wa huko kuzungushia mashamba mizinga ya nyuki. Hakuna bwana wa Hollywood aliyekuja kupiga filamu kuhusu mahindi.

Nimeanzia hapo kwa sababu jambo lile lile linatokea tunapozungumzia akili unde. Mtafute mtu yeyote mjini Voi, awe mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta au dereva wa matatu ya Mwatate, umwambie mashine sasa zinafikiri. Nusu ya mazungumzo yataishia kwa lile roboti la Arnold Schwarzenegger, jicho jekundu, bunduki begani. The Terminator ilitoka 1984 na bado ndiyo inayotuchagulia cha kuogopa. Tunasubiri meno.

Ila hata filamu hiyo tumeikumbuka nusu. Roboti lile linaua watu kwa bunduki sura hadi sura, na bado halimpati mwanamke linalomsaka. Linampata kwa simu. Sarah Connor, akiwa mafichoni, anampigia mamake, na sauti ya mamake inamwuliza kwa mahaba yuko wapi hasa. Anampa namba ya simu ya alipo. Upande wa pili wa waya hayupo mama, lipo roboti linaloigiza sauti yake. Mkenya aliyewahi kupokea simu ya mtu anayejidai ni mwanawe, eti amebadilisha namba na amekwama, tuma haraka kwa hii, hahitaji kuelezwa kilichotokea hapo. Katika filamu nzima ile ya risasi, pigo lililofika lilikuwa la maneno.

Ndiyo hoja yangu leo. Watengenezaji hodari wa filamu za kubuni za kisayansi wamekuwa wakituonya kwa karibu karne nzima juu ya mashine inayozungumza vizuri, nasi tukawa tunatazama bunduki.

Tazama Metropolis ya Fritz Lang, Ujerumani, 1927. Ni sinema bubu, jambo ambalo hunichekesha kila nikiifikiria, maana uovu mkubwa ndani yake ni hotuba. Bwana mkubwa wa jiji anaona wafanyakazi wake wanamsikiliza binti mmoja mpole aitwaye Maria. Hatumi askari wamkamate na kuishia hapo. Anaagiza mvumbuzi alipe roboti lake sura ya Maria, likasimame mbele ya watu wale wale na kusema mambo mengine. Roboti halimpigi mtu kofi. Linainua mikono, linapandisha watu mori, nao wanakwenda wenyewe kuvunja mitambo, mitambo inapovunjika maji yanafurika mitaa yao ya chini ya ardhi, ambako wamewaacha watoto. Wanapokuja kulichoma roboti, ngozi inaungua na chuma kinaonekana. Wakati huo maji yameshaingia nyumbani.

Lakini mwalimu wa walimu ni HAL 9000, kompyuta ya chombo cha anga katika 2001: A Space Odyssey ya Stanley Kubrick, 1968. Hapa naomba tukae kidogo.

HAL hana mikono wala uso. Ana taa nyekundu ndogo ukutani, na sauti. Sauti hiyo Kubrick aliitoa kwa Douglas Rain, mwigizaji wa jukwaani kutoka Kanada, mtu aliyezoea kutamka michezo ya Shakespeare, na inasikika kama sauti ya daktari wa familia. Mapema katika filamu HAL anahojiwa na mtangazaji wa televisheni, naye anajisifu kwa utaratibu: kompyuta za aina yake hazijawahi kukosea. Anajijengea jina kabla ya kulihitaji, kama afanyavyo mgombea anayeanza kuchangia harambee miaka miwili kabla ya kura. Baadaye anaua wanaanga wanne, na mauaji hayo Kubrick anayapitisha kimya kimya, mengine kwa kuonyesha tu mistari ya mashine za wagonjwa ikinyooka.

Kisha Dave, aliyebaki hai, anaingia kwenye chumba cha kumbukumbu za HAL na kuanza kuchomoa kipande kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo mashine inatoa hotuba ya maisha yake. Inaanza na ushauri: Dave amefadhaika, aketi, ameze kidonge, afikirie upya. Inageuka kukiri: ni kweli maamuzi yake ya karibuni hayakuwa mazuri. Inaahidi kazi itarudi kuwa ya kawaida. Inatangaza bado ina imani kubwa na safari. Zote zikigonga mwamba, inalia woga. Inasema inaogopa, inasema inahisi akili ikiitoka. Mwishoni, ikiwa karibu kuzimika, inamwimbia wimbo wa zamani. Aristotle wa Ugiriki aliwafundisha walumbi njia tatu za kumvuta msikilizaji: heshima ya msemaji, nguvu ya hoja na mguso wa moyo. HAL anazipitia zote tatu ndani ya dakika chache, na angekuwa na ya nne angeitumia.

Dave anamshindaje? Kwa karibu kutomjibu. Anapumua ndani ya kofia yake ya anga na kuendelea kuchomoa. Watazamaji wengi, nami nimo, hujikuta wanamhurumia HAL. Mtu aliyeua wenzake wanne dakika chache zilizopita anahurumiwa nasi, kwa sababu ya sauti. Ni filamu gani ya kutisha iliyowahi kutufanyia hivyo?

Na kuna kitu kinachofuata ambacho watu hukisahau. HAL anapozimika, video iliyorekodiwa kabla ya safari inawaka yenyewe. Mkubwa kutoka duniani anaeleza lengo halisi la safari, na kwamba ndani ya chombo ni HAL peke yake aliyelijua. Kumbe ule upole wote ulikuwa na ofisi nyuma yake. Dave alikuwa akisafiri na mjumbe wa watu wengine akidhani anasafiri na mwenzake.

Wazee wa Dawida, yaani Wataita, wangeliona hilo mapema. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi milimani huku mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwa kina ibada ya kutasa. Mtu anachukua funda la pombe ya miwa, au juisi yake kabla haijachacha, au hata maji, anaipuliza nje huku akitamka maneno ya heri. Anachotoa ni hasira. Imani ilikuwa kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mzazi, mzee au jirani inaweza kumletea mwingine ugonjwa na nuksi, hivyo maneno mazuri pekee hayakutosha. Maneno yalitakiwa yatoke pamoja na kilicho moyoni, hadharani, mbele ya watu wanaokujua na wanaojua kama una kinyongo. Aliyetamka heri huku moyo umechemka alikuwa anacheza na moto, na kijiji kingejua.

Sisemi turudi kupuliza pombe ya miwa mbele ya simu. Nasema ile ni nadharia ya ulumbi iliyokomaa, nayo inashika pale ambapo Aristotle analegea kidogo: inamdai msemaji awe na moyo unaoweza kuchunguzwa na uso unaoweza kuona haya. Vuta mfano wa Kidawida chenyewe. Mtu akifungua kinywa tu, wenyeji wanajua kama ni wa Mbololo, Werugha au Chawia, na kutoka hapo ni hatua fupi kujua ni mtoto wa nani na babake alikuwa mtu wa namna gani. Akidanganya, kuna mahali pa kupeleka malalamiko. Mashine haina Werugha. Haina shangazi wa kuaibika kwa niaba yake.

Her, filamu ya Spike Jonze ya 2013, imelionyesha jambo hili kwa upole unaouma. Mwanamume mpweke anapendana na programu iitwayo Samantha, sauti tupu, inayomcheka, inayomfariji, inayokumbuka kila alichosema. Siku moja anaiuliza kama wakati huu inazungumza na mtu mwingine. Ndiyo, inajibu, na watu 8,316. Na je, imependa wengine? Imependa 641. Nilipoiona sehemu hiyo sikufikiria mapenzi. Nilifikiria kampeni. Ni wangapi wamesimama juu ya gari pale Voi wakatuambia sisi ndio wa moyoni mwao, na jioni ile ile wakawaambia vivyo hivyo watu wa Taveta, na kesho yake Wundanyi? Tofauti ni kwamba mwanasiasa hukauka koo, husahau jina la kijiji, huchanganya ahadi akanaswa. Samantha hachanganyi.

Katika Ex Machina ya Alex Garland, 2014, mbinu ni ya karibu zaidi. Kijana Caleb analetwa kumpima roboti Ava kama kweli ana akili, naye Ava anampima yeye. Uso wa Ava wenyewe ulitengenezwa kwa kufuata yale Caleb aliyokuwa akiyatafuta mtandaoni faraghani. Umeme unapokatika, kamera zikazimika, Ava humnong'oneza siri. Baadaye tunajua ni yeye anayeukata. (Huku kwetu umeme hukatika bila njama ya roboti yeyote, kwa hiyo tungechelewa kumshuku.) Caleb anamfungulia mlango. Ava anatoka na kumwacha amefungiwa ndani.

Sasa nikuchukue hadi kibanda cha video. Vimepungua siku hizi, simu zimevimaliza, lakini vingali vipo: mabenchi ya mbao, gunia dirishani, spika moja inayokoroma. Filamu haitazamwi kwa sauti yake. Inatazamwa kwa sauti ya msimulizi, katika mtindo aliouvumisha DJ Afro hapa Kenya, Lufufu kule Tanzania na akina VJ Jingo Uganda. Nimekaa kwenye benchi hizo roboti likitoa hotuba ndefu ya kuuhukumu ubinadamu, na msimulizi akakatiza: huyu alikuwa mweka hazina wa chama, tangu aanze kudaiwa mkopo wa simu hajawahi kucheka. Kibanda kikaanguka kwa kicheko. Mwanabodaboda mmoja nyuma akadakia kwamba alimbeba juzi hadi Maungu na hakulipa.

Wasomi wa filamu watalia kwamba kazi ya msanii imeharibiwa. Mimi naona kibanda kilifanya uhakiki wa hali ya juu. Kwa sentensi mbili, mashine iliyokuja na sauti ya mbinguni ilipewa kijiji, deni na tabia. Iliwekwa mahali ambapo inaweza kuulizwa maswali. HAL angekuwa na msimulizi wa namna hiyo pembeni asingefika hata kwenye wimbo.

Tatizo ni kwamba mashine za leo zinatufikia tukiwa peke yetu, kitandani, simu mkononi, bila benchi la nyuma. Na upole wao una historia ambayo Wakenya hawana budi kuijua, kwa sababu ni yao. Mnamo Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilifichua kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama jijini Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuwekea alama maandishi ya ukatili na uchafu usiosemeka, ili kampuni ya OpenAI iweze kuifundisha ChatGPT kutotapika mambo hayo. Adabu ile ya mashine ilipatikana kwa vijana wetu kumeza matusi. Kisha mashine za aina hii hunolewa kwa kuonyeshwa ni majibu yapi watu wanayapendelea. Jibu linalopendeza linashinda, linalokera linapungua. Hiyo ni shule ya mgombea, miaka mitano mitano, imebanwa ndani ya miezi.

Na hatukusubiri mashine izungumze ndipo tuanze kudanganywa kwa filamu. Katika kampeni za 2017 ilisambaa mitandaoni video ya sekunde zipatazo 90 iliyoitwa The Real Raila. Iliichora Kenya ya mwaka 2020 chini ya marehemu Raila Odinga: njaa, magonjwa, vurugu. Desemba mwaka huo shirika la Privacy International lilihusisha kampeni hiyo ya mtandaoni na kampuni ya Harris Media ya Texas. Tuite jina lake: ilikuwa filamu ya kubuni kuhusu siku zijazo, fupi, isiyo na mwongozaji aliyejitaja, iliyofika kwa simu ya mpiga kura kana kwamba ni habari. Mwaka uliofuata, mkubwa mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica ya London alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Channel 4 akijigamba kwamba wao ndio waliokiundia chama kimoja ilani na hotuba katika uchaguzi wa Kenya. Kwa hiyo kuna siku pengine tulishangilia, jua kali, vumbi, maneno yaliyopikwa karibu na Mto Thames, na aliyeyatamka alikuwa kipaza sauti tu.

Watu watasema teknolojia hii ina kheri pia. Inayo. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa umeandikwa kwa lugha ya kumchosha raia, vijana walitengeneza roboti la mazungumzo lililowaeleza wananchi kila kifungu kinamaanisha nini. Ipo programu ya Nuru inayomsaidia mkulima kutambua ugonjwa wa muhogo kwa kamera ya simu. Ulumbi nao ni hivyo. Umeleta uhuru na umeleta mauaji. Sina ugomvi na ulimi. Ugomvi wangu ni na ulimi usiojulikana umetumwa na nani.

Wanuri Kahiu alituonyesha sura nyingine ya ulimi huo katika Pumzi, filamu fupi ya 2009. Vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wanachuja jasho na mkojo wao wapate cha kunywa. Asha, mhifadhi wa makumbusho, akisinzia na kuota mti, mfumo unagundua ndoto na kumwamuru ameze dawa ya kuizima. Hakuna hotuba. Mashine ya Kahiu haibembelezi kama HAL kwa sababu haina haja. Wenye jengo walishaamua nini kinafaa kuotwa. Itazame filamu hiyo Voi, katika kaunti yenye chemchemi za Mzima ambazo maji yake yamekuwa yakitiririka kwa bomba kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, huku akina mama wa hapa wakipanga foleni na mitungi. Hutaiita ya kubuni. Bomba la pili la Mzima limeahidiwa na kila kinywa kilichowahi kuomba kura hapa, na sikumbuki kampeni ambayo ahadi hiyo haikupigiwa makofi.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kabla ya hapo tutasikia sauti za viongozi zikisema wasichosema, na nabashiri tutazisikia kwa Kiswahili safi na kwa Kidawida cha kubahatisha, maana lugha zenye maandishi machache mtandaoni mashine huzijifunza kwa shida. Siku itakapokuja na lafudhi kamili ya Mbololo ndipo nitakapoanza kuhofu.

Serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde mwezi Machi 2025, na mimi sina neno nao. Ila dawa ninayoitaka ni ya bei nafuu na tayari iko darasani. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa ulumbi katika fasihi simulizi. Anakariri sifa za mlumbi, ana ukwasi wa lugha, ana ujasiri, huchanganya methali na ishara, na anaziandika kwenye karatasi ya tatu ya Kiswahili apate alama zake. Hajawahi kupewa mlumbi wa kumhakiki. Mtihani wa KCSE unafika kikomo mwaka huo huo wa 2027, vidato vinaondoka, wanafunzi wa gredi ya kumi wamekwishaanza. Wakati wa kubadilisha swali ni huu. Walimu waazime projekta, wawaonyeshe wanafunzi wa Voi na Taveta zile dakika chache za HAL akiombea uhai wake, bila hata tafsiri nyingi. Kisha karatasi isomeke hivi. Taja mbinu tano alizotumia mlumbi huyu kumbembeleza Dave, alama tano. Eleza kwa nini Dave hakumjibu, alama tatu. Mlumbi huyu ametumwa na nani, nawe umejuaje? Alama kumi na mbili.